Mwalimu Felista na Picha ya Machochwe

Felista Nyangwine alikuwa amefundisha historia muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo sasa walikuwa wazazi wa wanafunzi wake. Shule yake iko Genkuru. Ukisimama kwenye kiwanja cha mpira unaona kifusi cha mgodi mkubwa kimepanda kama kilima, na mgeni huuliza kilima kile kinaitwaje. Mumewe, Heche, alilima mahindi na mihogo na kufuga ng'ombe wachache. Ujana wake aliumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Aliyaacha wakati binti yao wa kwanza, Ghati, alipozaliwa, kwa sababu Felista alimwomba aache, na tangu hapo hakuna kati yao aliyelirudia jambo hilo.

Bei ya dhahabu ilipoanza kupanda mwaka hadi mwaka, madarasa yalianza kupungua. Mvulana wa kidato cha tatu alikuwa anaonekana Jumatatu, Jumanne hayupo, wiki ifuatayo unamkuta sokoni amevaa viatu vipya, anakuamkia shikamoo kwa adabu zote, lakini shuleni harudi. Felista alilisema jambo hilo katika kila kikao. Mara moja ofisa mmoja mgeni alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamuuliza kwa upole kama kuna utafiti wowote unaoonyesha hayo. Felista akajibu kwamba hajui. Jibu lake mwenyewe lilimkera kwa siku nyingi. Chuo kimoja kilipofungua kituo cha masomo Tarime mjini, akajiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya elimu. Kama hakuna utafiti, alimwambia Heche, basi ataufanya yeye.

Masomo yenyewe yalikuwa ya mseto. Baadhi ya Jumamosi wanafunzi walikutana na wakufunzi wao ana kwa ana katika chumba kimoja kule Tarime, na siku nyingine zote walisoma, waliandika na kujadiliana kwa mtandao, kila mtu akiwa kwake. Felista hakuyafikiria sana hayo. Simu kubwa alikuwa nayo, picha za harusi alizipokea na kuzituma, akadhani yatosha.

Siku ya kwanza chumba kilijaa watu wazima: walimu, muuguzi, mtendaji wa kata. Mkufunzi wao aliitwa Ummy, binti wa fundi cherehani wa Mugumu, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Felista wa mwisho. Aliingia, akawaamkia shikamoo wote waliomzidi, kisha akafungua kompyuta na kuanza kazi. Aliwataka wajitambulishe kwa ukurasa mmoja, wauandike kwenye kompyuta, wautume kwenye jukwaa la darasa kama kiambatisho. Felista aliandika kwanza kwa kalamu, maana ndivyo fikra zake zilivyozoea kutoka. Halafu akaanza kuunakili kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka. Alipomaliza alituma, akaegemea kiti.

Ummy alianza kufungua kazi zao moja moja, zikionekana ukutani. Alipoifungua ya Felista, ukurasa ulikuwa mweupe. Hapakuwa hata na jina. Watu walicheka kwa chini chini, wala si kwa ubaya, lakini Felista alihisi masikio yanapata moto. Mwanamume aliyeketi karibu naye, Athuman, mwalimu wa shule moja ya Machochwe, alimwinamia akamnong'oneza kwamba yeye ya kwake imekwenda kwenye kundi la ukoo wao, na shangazi yake ameshamjibu kumpongeza. Felista akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo wakawa wanasoma pamoja, yeye Genkuru, Athuman Machochwe.

Hakuanza kwa kujifunza elimu. Alianza kwa kujifunza kuhifadhi alichoandika kabla ya kukituma, kuweka nywila asiyoisahau, kutafuta kitabu katika maktaba isiyo na mlango. Nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ila nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe kubwa juu ya mwinuko, na pale simu ilishika vizuri. Akalifanya kuwa darasa lake. Jioni akitoka shuleni alipanda na kiti kifupi na kompyuta ya kuazima, na mgeni akifika nyumbani Heche alimwambia kwamba Mama Ghati yuko shuleni. Mgeni alimwona pale pale juu ya jiwe, lakini hakuuliza. Mara nyingine wakiwa katikati ya somo mgodi ulilipua baruti, jiwe likatetemeka, na Ummy akauliza kutoka Tarime kama hiyo ilikuwa radi. Wenzake wa Susuni, karibu na mpaka wa Kenya, nao walikuwa na shida zao, simu zao zilishika mtandao wa ng'ambo zenyewe na kuwakaribisha Kenya huku zikila salio.

Muhula wa pili walifika kwenye somo lililompendeza kuliko yote. Ummy aliwafundisha namna ya kupima habari wanazozikuta mtandaoni: kaiandika nani, lini, kwa nini, na nani mwingine anayesema hivyo. Aliwaonyesha pia namna ya kuichukua picha na kuitafuta ilikotokea mwanzo. Kwa mara ya kwanza Felista alikuwa mbele ya wenzake wote. Maswali hayo aliyajua miaka mingi, maana mwalimu wa historia huishi nayo; ila hakuwahi kuyatumia kwenye simu. Alirudi Genkuru akiwa amechangamka, akawa anaipima kila picha iliyomjia, dawa za miujiza, ajali, nyoka wenye vichwa viwili, na kila aliyemtumia uongo alimrudishia ukweli.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea na mahindi yamefika magotini, Nashoni, mdogo wake Heche, alipofika asubuhi moja na simu mkononi. Machochwe imelipuka, alisema. Rashi. Hivyo ndivyo wachimbaji wanavyoziita mbio za watu kukimbilia mahali dhahabu ilipoonekana, na neno hilo likitajwa, nyumba nzima husimama. Katika simu yake kulikuwa na picha ya mwanamume amefumbua kiganja, na katika kiganja kuna bonge la dhahabu kama yai la kuku. Nyuma yake kulikuwa na shimo jekundu na watu wengi. Nashoni alitaka waondoke siku hiyo hiyo, kabla maduara mazuri hayajapata wenyewe.

Heche aliinuka. Alikwenda nyuma ya ghala akarudi na sururu na mtalimbo, vitu ambavyo Felista hakujua kama bado vipo, akavilaza chini. Felista aliomba atumiwe ile picha. Akapanda nayo jiweni, akaitafuta, na haikuchukua muda. Picha ile ilikuwa imewekwa mtandaoni miaka kadhaa nyuma, na ilipigwa Afrika Magharibi. Akashuka haraka kuwaonyesha.

Nashoni alitazama, akainua mabega. "Picha ni picha, shemeji," alisema. "Mimi nasema watu wamekwenda."

"Hakuna dhahabu Machochwe," Felista akamjibu. "Ni uongo mtupu."

Heche aliichukua simu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama picha. Kisha akaokota sururu na mtalimbo, akavirudisha alikovitoa. Nashoni aliondoka peke yake.

Habari hiyo ilifika shuleni kabla ya Felista. Mkuu wa shule alimwomba aseme na wanafunzi mstarini, naye akasema, akaeleza picha ilikotoka na namna alivyojua, na akarudia kwamba Machochwe hakuna kitu. Wazazi kadhaa waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Jirani yake Kisyeri, aliyekuwa ameshampata wa kumwachia ng'ombe, alikuja mwenyewe kumshukuru kwa kumwepusha na safari ya bure. Jioni Felista aliyaandika yote kwenye jukwaa la darasa, na aliyaandika vizuri, kwa vidole vyote kumi. Wenzake walimpongeza. Ummy alimwandikia mstari mmoja tu: kwamba amejua picha si ya Machochwe, lakini Machochwe yenyewe amejuaje? Felista aliusoma, akaona huyu binti anapenda kuchimba maneno. Hakumjibu.

Mtu ambaye angeweza kumwambia alikuwa Athuman, lakini Athuman alikuwa Mugumu akimuuguza baba yake, na kwa muda hakuonekana jukwaani. Aliporudi kazini alimpigia simu. Alimsalimu, akamweleza hali ya mzee, kisha akasita kidogo. Akasema amesoma alichoandika, na imembidi aseme. Dhahabu ipo. Ameiona kwa macho yake, si mayai ya kuku, ni punje, lakini ni dhahabu. Maduara yamechimbwa kwenye njia ya ng'ombe, na mifugo ya pale imetafutiwa njia nyingine ya kwenda majini. Ile picha, alisema, huenda aliyeituma hakuwa nayo nyingine.

Felista alimshukuru, akakata simu, akabaki ameketi pale juu ya jiwe mpaka jua likawa linachoma.

Baada ya hapo hakuhitaji mtu wa kumweleza kitu. Ujumbe ulianza kuja wenyewe kutoka kwa waliotangulia, na kwenye rashi anayefika kwanza ndiye anayechagua pa kuchimba; anayefika baadaye humchimbia mwenzake. Kisyeri aliacha kumsalimu. Shuleni wavulana walinyamaza alipopita, na kunyamaza kwao kulimwumiza kuliko kama wangemcheka. Heche aliendelea na kazi zake. Aliamka, akakamua, akaenda shamba, akarudi, akala, akalala. Mtu mwingine angeona nyumba yenye amani. Felista alijua kwamba kuna kitu kimeketi kati yao, na kwamba aliyekiketisha ni yeye.

Alimfuata alipokuwa anaziba zizi kwa matawi ya miiba. Alisimama upande wa pili wa ua.

"Baba Ghati," alisema, "nilikuambia zaidi ya nilichokuwa nakijua."

Heche alisukuma tawi likakaa mahali pake. "Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba picha ni ya kwingine. Basi. Hilo la kwamba Machochwe hakuna kitu niliongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

Felista alikuwa ameandaa maneno mengi juu ya hilo, lakini aliyaacha yote. Akasema kilichobaki. "Sikutaka urudi shimoni."

Heche akaacha kazi. Alimtazama kupitia miiba, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Felista hakuitegemea. "Hilo ungelisema," alimwambia. "Hilo ningelielewa bila simu."

Alichukua tawi jingine, akaliweka mahali pake. Kisha Heche akamuuliza, sasa anajua nini? Akamjibu kwamba anamjua mtu aliyeko pale na anaweza kumuuliza. Wakapanda wote wawili jiweni, jambo ambalo Heche hakuwahi kulifanya, wakampigia Athuman simu ya kuonana. Felista alimwachia mumewe aulize, na alishangaa kumsikia. Heche aliuliza mwamba uko chini kiasi gani, maji yanaanza wapi, magogo ya kushikilia kuta yanapatikana au watu wanachimba hivi hivi. Aliuliza kama maduara yako kwenye ardhi ya kijiji au yamevuka mpaka wa hifadhi. Athuman alitembea na simu yake akamwonyesha: huu ndio mto, ng'ambo yake ni hifadhi na hakuna anayechimba kule, maduara ni haya ya upande huu. Palipokuwa na jambo asilolijua alisema hajui, akaenda kuwauliza wachimbaji.

Heche akaamua kwenda, na Felista akamfungia chakula cha njiani. Hakusema usiende, wala hakusema nenda. Alimwomba tu kila jioni atume neno, hata kama ni neno moja.

Alikuwa amechelewa, kwa hiyo hakupata duara lake. Lakini wenye maduara walipomwona anavyopanga magogo ya kuzuia kuta walimwita huku na huku, akawa fundi wao. Jioni alituma neno. Siku za kwanza lilikuwa moja kweli: mzima. Baadaye yakaongezeka. Alimweleza Felista juu ya rafiki zake wa zamani aliowakuta kule, wengine wakiwa na mvi, na mchimbaji mmoja aliyekuja na kitanda chake chote. Felista aliyasoma na kuelewa jambo ambalo hakuwahi kumuuliza, kwamba mumewe alipoacha uchimbaji aliacha na watu pia.

Naye kwake alikuwa na la kufanya. Alimwomba mkuu wa shule nafasi mstarini, akasimama pale pale aliposimama mwanzo, akawaambia wanafunzi alichokuwa anajua siku ile, ambacho hakukijua, na namna alivyovichanganya. Mwalimu mmoja alimwambia baadaye kwamba amejishusha bure. Wavulana wawili watatu walimfuata baada ya kipindi wakimtaka awaonyeshe namna ya kuitafuta picha. Kwa Kisyeri alikwenda nyumbani. Kisyeri alimpa kigoda, akamsikiliza bila kumsaidia kwa neno lolote, na alipomaliza akamwambia kwamba siku nyingine amwambie yote mawili, anachokijua na asichokijua, atachagua mwenyewe. Hawakurudia ukaribu wao wa zamani mara moja, lakini kesho yake alimsalimu.

Jukwaani alimjibu Ummy lile swali, akiwa amechelewa sana, kwa kurasa kadhaa. Ummy alimwandikia kwamba hizo kurasa ndizo utafiti wake.

Hivyo mada yake ikabadilika. Alikuwa amepanga kuhesabu wanafunzi waliotoroka, lakini sasa alitaka kujua watu wa Genkuru wanaipimaje habari ya dhahabu inayowafikia kwa simu: nani wanamwamini, nani hawamwamini, na kwa nini wanakwenda. Aliwafuata wavulana walioacha shule kule kwenye karasha za kusaga mawe, ambako ilibidi asubiri mashine izimwe ndipo aweke simu kunasa sauti. Kisha alipanda jiweni akayaandika maneno yao kama walivyoyasema, na Ummy akaandika maoni yake pembeni kwa rangi nyekundu kutoka Tarime. Walibishana pembeni hapo hapo. Mara moja Ummy alipanda gari akaja Genkuru mwenyewe, kwa sababu kuna mambo, alisema, hayasahihishwi kwa rangi nyekundu. Alikaa naye kutwa nzima juu ya sura moja, mama yake Heche akawaletea uji.

Heche alirudi mvua za vuli zilipoanza na maduara ya Machochwe kujaa maji. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa umeshakuwa mwembamba, watu wengi walikuwa wamehamia rashi nyingine. Nashoni alipata cha kuezekea nyumba yake kwa bati, na hakupata zaidi. Heche alipata kidogo kuliko yeye. Alikuwa amekonda, amechangamka, na sururu aliirudisha nyuma ya ghala bila kuambiwa. Felista alimuuliza kama atakwenda tena pakilipuka. Akasema hajui, na siku hiyo jibu hilo lilimtosha.

Siku ya kutetea tasnifu yake alikwenda Tarime na viatu vyake vizuri. Watahini wawili walikuwa chumbani na mmoja alikuwa mbali, anaonekana kwenye skrini. Katikati ya maelezo umeme ukakatika na skrini ikazima. Zamani angetafuta mlango. Sasa aliunganisha simu yake, akampigia yule wa mbali, akaisimamisha simu kwenye chupa ya maji, akaendelea pale alipoishia. Athuman, aliyekuja kumsikiliza, alikunja ngumi kwa furaha chini ya meza.

Yule wa mbali alimuuliza swali ambalo Felista alilitegemea. Je, simu ndizo zinazowadanganya vijana wakaacha shule?

Felista alifikiri kidogo, ingawa jibu alikuwa nalo. "Hawadanganyiki," alisema. "Wale niliozungumza nao karibu wote walijua kwamba habari nyingi ni za uongo. Walikwenda kwa sababu moja ikiwa ya kweli na wewe umechelewa, hupati kitu. Mimi nilidhani kazi yangu ni kuwaambia hii ni uongo. Wao walikuwa wananiuliza, sasa shule inanipa nini cha kungojea? Hilo sikuwa nimejiandaa kulijibu, na katika tasnifu hii nimesema hivyo."

Mtahini aliandika kitu. Kisha akamwomba amsomee kwa sauti maneno ya mmoja wa wale wavulana, akamsomea. Alifaulu, akatakiwa kurekebisha mambo madogo. Nakala moja aliipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya wilaya na nyingine akaituma kwa mtandao, ili pasiwe na mtu wa kusema haikufika. Kama walioipokea waliisoma au la, mpaka leo hana uhakika, na ukimuuliza atakuambia hivyo hivyo.

Jioni ya siku ile ya kutetea, aliporejea Genkuru, alimkuta mama mkwe wake uani, ameketi kwenye ngozi. Alimwamkia. Bibi alitaka kujua kama yale masomo ya juu ya jiwe yamekwisha, na je, sasa amekuwa nani.

"Mwalimu, Mama," Felista alimjibu.

"Si ulikuwa mwalimu tangu zamani?"

Felista akakubali kwamba ni kweli. Akavua viatu vya mjini, akaviweka kibarazani, akaenda kumsaidia Heche kuanua mtama, maana upande wa mgodi wingu lilikuwa limeshaanza kutanda.